Mguu wa Mama Mkwe

Machi 9

Mvua ya kwanza imeanza. Paa la gereji linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya benchi langu, na ndoo ni ileile.

Leo nimekabidhi gari la mama mkwe. Nimebadilisha mafuta ya injini, plagi na breki za nyuma, na nimeongeza zawadi. Mjomba aliyenifundisha ufundi alikuwa na sheria yake: gari lisitoke mkononi mwako bila kazi moja ambayo mwenyewe hakuiomba. Tia mafuta bawaba ya mlango, kaza skrubu ya kioo, kisha nyamaza. Mteja asipojua, gari litajua. Safari hii nilijaza grisi kwenye kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedali hadi kwenye kabureta. Niliisukuma kwa bomba la sindano mpaka ikachungulia upande wa pili.

Mama mkwe ana miaka sabini na miwili, mkunga mstaafu, na gari lake ni la michezo, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba abiria anakaa karibu na lami. Aliliacha marehemu baba mkwe. Mtaani wanamwita Mama Mwendo. Alipolichukua aliniambia, "Hili gari halipandwi, mwanangu, linavaliwa," akalivaa, akaondoka.

Machi 11

Mvua. Klachi ya lori. Mgongo unauma.

Machi 17

Saa moja na nusu asubuhi shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alinipigia simu. Mama kagonga nguzo ya geti lake mwenyewe. Mke wangu alikuwa amelala kwa mama yake tangu jana, na walikuwa wanatoka pamoja kwenda sokoni, mtoto wamemwachia jirani.

Nilifika mvua ikinyesha. Pua ya gari ilikuwa imebanana na nguzo, taa moja imekwisha. Mke wangu alikuwa kwenye gari la shemeji, ameushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye ngazi za mlango, mwavuli umefungwa mapajani, mvua inamnyeshea. Mimi nikasimama mbele yake na kusema, "Shikamoo mama," maana kwa mkwe hata nyumba ikiungua unaanza na shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, kisha akasema moja kwa moja, "Nilikanyaga breki."

"Mama, umeshtuka," shemeji akasema. "Ulikanyaga mafuta."

"Nilikanyaga mafuta kupanda hapo getini, nikaondoa mguu, nikakanyaga breki. Gari likaendelea kwenda."

"Mama, una miaka sabini na miwili."

"Kwani ni miaka iliyokanyaga?"

Shemeji akanitazama mimi, fundi, kana kwamba nina jibu mfukoni. Nilisema tuwahi hospitali kwanza.

Kifundo cha mkono kimevunjika. Plasta, wiki sita. Mtoto wetu ana miezi minane na anataka kubebwa kutwa, kwa hiyo kuanzia leo mimi ni mama msaidizi.

Machi 18

Gari limevutwa hadi gereji. Nililigusa saa nane mchana, jua limetoka, mabati yanachoma.

Nilianza na kapeti, kwa sababu mara nyingi mchawi ni kapeti. Linajikunja, linaishika pedali. Hili lilikuwa limelala vizuri. Nikacheza na pedali yenyewe, pini inayozungukia haina kutu. Springi ya kurudisha ipo, ngumu, haijachoka. Nikawasha injini, nikaiacha ipate moto, nikakanyaga na kuachia mara ishirini. Kila mara kabureta ilifunga kwa mlio wake mdogo, ta. Kebo niliipapasa kwa nje tu.

Jioni shemeji akapiga. "Gari lilikuwa zima?"

"Nimelipima. Pedali inarudi vizuri."

"Basi ni mama," akasema, na sauti yake ilishuka. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia.

Machi 20

Kumfunga mtu vifungo vya blauzi ni kazi ngumu kuliko kabureta. Mke wangu anacheka mpaka machozi. Anasema mafundi wote wangeanza kwenye blauzi, magari yangepumzika.

Machi 23

Tunafanya kazi pamoja na fundi wa bodi, tunayemwita Nyundo. Hasemi sana. Leo, akinyoosha bampa ya gari la mama mkwe, alisema bila kuinua kichwa:

"Umelipima lina joto."

"Nimelipima lote."

"Mchana. Injini ya moto, jua kali. Yule mama aligonga asubuhi, gari limelala nje kwenye mvua. Lipime likiwa baridi, bwana."

Nilimwambia nitafika alfajiri kesho.

Machi 24

Nimefika saa tatu. Foleni.

Machi 25

Nimepima saa nane mchana. Inarudi.

Machi 28

Nimepima saa tisa. Inarudi. Nyundo alinitazama, akaendelea na nyundo yake.

Machi 31

Mama mkwe amekuja kula kwetu, kwa miguu, viatu vimeloa. Zamani angeingia akimtania mjukuu kabla hajavua viatu. Leo alikaa kwenye kiti cha pembeni. Mke wangu alimwuliza anajisikiaje.

"Sijambo. Nadhani nilikanyaga breki," akasema, wakati hakuna aliyeuliza habari za gari.

"Nadhani." Wiki mbili zilizopita neno hilo halikuwepo. Nililisikia likiingia na nikaendelea kutafuna.

Mtoto alimnyooshea mikono. Mke wangu, mkono mmoja kwenye plasta, akaniambia, "Msogeze kwa bibi yake." Mama mkwe akarudi nyuma kwenye kiti. "Mshike wewe, baba. Mimi siku hizi sijiamini." Huyu mwanamke amepokea watoto kwa miaka thelathini na nane. Nusu ya mtaa huu ilipita mikononi mwake.

Nilimshika mwanangu na nikatoka naye barazani. Nilimwonyesha mvua.

Aprili 2

Niseme ukweli hata kama ni kwa daftari tu. Kila nikipanga alfajiri, kunatokea kitu, na kitu hicho ninakitokeza mimi. Jana nilizima saa ya kuniamsha kwa mkono wangu. Ninaijua ile kebo. Nilipoijaza grisi niliona mdomoni pake plastiki nyeupe, nyembamba, imezunguka ndani. Kebo za wakati wa mjomba zilikuwa chuma kwa chuma, bila grisi zinalia. Hizi zenye plastiki ndani sijui vizuri. Niliiona ile plastiki na nikasema haidhuru.

Haijathibitika kitu. Inaweza kuwa ni mguu wake kweli. Watu wanazeeka.

Aprili 3

Nimesoma nilichoandika jana, mstari wa mwisho. Nimeona aibu.

Aprili 8

Mvua siku nne mfululizo. Ndoo ya benchi inajaa kabla ya chai.

Aprili 14

Kikao kwa mama mkwe. Shemeji alikuja na karatasi. Mambo mawili: gari liuzwe, na mama ahamie kwake, nyumba ipangishwe. Kazi yake ni ukaguzi wa hesabu, na alizungumza hivyohivyo, jambo la kwanza, jambo la pili. Nimekuwa nikimchukia kidogo kidogo kwa miaka mingi, na leo niliona ninayo sababu. Moyoni nilimwita mnyang'anyi.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Aliomba kusema.

"Nimewaza sana. Nilikanyaga mafuta. Nilidhani ni breki, kumbe ni mafuta. Ningeweza kumuua mwanangu." Akamgeukia mke wangu. "Unisamehe, mama."

Mke wangu akalia. Shemeji akaikunja ile karatasi, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama stempu. Hapo nikaelewa kitu ambacho sikukitaka. Yeye si mnyang'anyi. Anaogopa kumzika mama yake. Aliniuliza mimi ninayejua magari, nikamjibu, na anafanya anachopaswa kufanya mtoto wa kiume kwa jibu nililompa.

Nilikuwa na nafasi. Mtu angeweza kusema lolote. Nilijikaza kisabuni, nikauliza kama kuna mtu anataka chai.

Aprili 15

Sikwenda kazini. Nimesema tumbo.

Aprili 19

Mke wangu anasema mama yake amebandika karatasi jikoni: ZIMA JIKO. Nyingine mlangoni: FUNGUO. Anasema, "Kaka alikuwa sahihi, inaanza." Nilikuwa ninamfunga vifungo. Nilimaliza, nikaenda kuoga, nikakaa bafuni mpaka maji yakaisha kwenye ndoo.

Aprili 23

Bampa, taa, rangi, vyote vimekamilika. Nyundo amefanya kazi safi. Amepatikana mnunuzi, daktari wa meno. Atalichukua Jumatatu.

Aprili 26

Mama mkwe amekuja gereji kumwonyesha daktari wa meno gari lake. Alivaa vizuri, kama anakwenda harusini. Alimweleza kila kitu: choki unaivuta kiasi gani asubuhi injini ikiwa baridi, kioo cha kulia kinashuka mpaka nusu, redio inashika stesheni moja tu na hiyo moja ni ya mahubiri. Daktari akafurahi, akaondoka.

Mama mkwe akabaki. Akaja mpaka kwenye benchi langu. Haijawahi kutokea. Mimi na yeye tumezoea kuzungumza tukiwa na mtu wa tatu au meza katikati.

"Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi."

"Mimi, mama?"

"Ulilitengeneza gari vizuri, likatoka hapa zima, na wiki moja tu baadaye nikaliharibu. Watu watasema fundi gani huyo. Nimekuharibia jina."

Nilisema, "Hapana, mama." Nilisema hivyo mara mbili au tatu. Nyundo alikuwa nyuma ya gari la mteja mwingine, nikasikia ameacha kusugua.

"Ulinihudumia kama mama yako," akasema. Akanishika mkono wenye grisi kwa mikono yake yote miwili, akaenda zake akikwepa madimbwi. Roho ilinisuta mpaka nikakosa pa kuweka macho.

Nyundo akaniambia neno moja tu: "Kesho."

Aprili 27

Saa kumi na moja na nusu asubuhi nilikuwa gereji. Mvua ilikuwa imenyesha, sasa ni manyunyu, baridi. Gari lilikuwa limelala nje. Niliacha mlango wazi ili nisikie kabureta, na bila kuwasha injini nikaikandamiza pedali kwa mkono mpaka nusu. Nikaachia.

Haikurudi.

Ilikaa palepale nilipoiacha. Nilihesabu. Nilipofika kumi na moja ilianza kupanda, polepole, kama mtu anayeamka bila hiari. Nikarudia. Haikurudi. Nikarudia. Mara ya nne nilikuwa ninalia na bado ninahesabu.

Nikafanya kazi yangu, maana mikono ilitaka kitu cha kufanya. Nilifungua kebo upande wa kabureta. Kabureta peke yake, kwa kidole, inafunga haraka, haina kosa. Pedali peke yake haina kosa. Kebo peke yake, uivute huku, inakwenda. Uiachie, inabaki. Niliuchomoa waya wa ndani. Ulitoka umevaa uji wa kijivu, grisi yangu na vumbi la barabara. Nikaipasua kebo kwa kisu. Ile plastiki nyeupe ilikuwa imevimba, imeubana waya. Plastiki ya namna hiyo imetengenezwa iteleze kavu. Ukiilisha grisi inanenepa, na baridi ikiingia inang'ang'ania. Injini ikipata moto inalegea, inarudi vizuri, hasa saa nane mchana.

Kwa hiyo aliondoa mguu. Alikanyaga breki. Kila alichosema siku ile akiwa ameloa kwenye ngazi kilikuwa kweli, neno kwa neno.

Saa mbili nilikuwa nimefunga kebo mpya, kavu. Nyundo alifika, akaitazama ile ya zamani iliyopasuliwa benchini. Hakunisimanga. Ningependa anisimange.

Aprili 28

Mke wangu ametolewa plasta. Mkono umekonda. Alimbeba mtoto kwa mikono miwili kutoka hospitali mpaka nyumbani, akakataa kupokewa. Sikusema.

Aprili 29

Daktari wa meno alikuja kuchukua gari. Nilimwambia bado kuna kazi. Kuna wazo linanijia kila saa: gari sasa ni zima, hatadhurika mtu, ile kebo naweza kuitupa. Sikusema.

Mei 1

Sikusema.

Mei 2

Mke wangu ameniuliza kama nina mwanamke nje. Nimemwambia sina. "Basi una nini?" Nikasema uchovu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi naona ninaitembea mwezi wa pili.

Mei 4

Siku ya kuhama. Sitaandika vizuri, naandika yote.

Nilifika na kebo kwenye mfuko. Shemeji alikuwa ukumbini anakunja godoro. Mke wangu anafunga vyombo kwa magazeti. Mama mkwe amekaa juu ya sanduku katikati ya ukumbi mtupu, anaangalia wanachobeba.

Nilisema, "Mama alikanyaga breki."

Shemeji akasema, "Shika huku, shemeji, godoro zito."

"Mama alikanyaga breki. Pedali ilikwama. Niliikwamisha mimi." Nikatoa kebo, nikaonyesha. Nikaeleza grisi, plastiki, baridi. Nilieleza zawadi, na neno hilo lilinitoka kwa shida.

Shemeji aliachia godoro, likafunguka lenyewe sakafuni, naye akakaa juu yake kama alivyo, na suruali yake ya ofisini. "Nilimsomea karatasi," akasema. "Mama yangu. Nilimsomea karatasi." Hakunitukana. Aliweka uso mikononi.

Mke wangu ndiye aliyenijia. Alisimama karibu sana na hakupaza sauti. "Ulinifunga vifungo. Kila asubuhi, wiki sita. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nashuku."

"Ulikuwa unajua, ukawa unanichekesha." Akarudi kwenye vyombo, akaanza kuvifungua, kimoja kimoja, akivirudisha kabatini. Mpaka sasa hajaniambia neno lingine.

Mama mkwe aliomba kebo. Aliigeuza mwangani, akaingiza ukucha kwenye plastiki iliyovimba, akanusa. Alikuwa mtulivu, na nikaona ndivyo alivyokuwa kazini wakati mambo yanaharibika.

"Umejua lini?"

"Kwa hakika, mama, Jumamosi iliyopita."

"Na kwa wasiwasi?"

"Siku ya pili ya ajali."

Akahesabu kwa vidole, akiviegemeza gotini. "Wiki saba kasoro." "Kukosea umekosea. Hakuna mkunga ambaye hajakosea, na mficha uchi hazai, kosa unaliita kwa jina lake, asubuhi ileile, kabla mtu mwingine hajaumia. Mkono wa mwanangu umeunga, sina neno. Lakini mimi nilikuwa narudi jikoni mara nne kuangalia jiko nililokwisha kuzima. Nilimwogopa mjukuu wangu. Nilikuja kwako kukuomba radhi, ukanipa mkono. Hizo wiki saba utazifungua kwa spana gani?"

Nilisema, "Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe," akasema. "Si leo. Leo rudisha hilo godoro chumbani kwangu."

Mimi na shemeji tukalibeba, mmoja huku mmoja kule, bila kutazamana.

Mei 5

Mke wangu amelala kwa mama yake na mtoto. Mvua imepungua.

Mei 6

Nimemweleza daktari wa meno kila kitu. Ameelewa. Kasema gari libaki kwa mwenyewe.

Mei 9

Wamerudi nyumbani. Mke wangu amesema, "Chumvi iko wapi?" Nimefurahi kama mjinga.

Mei 12

Mama mkwe ametuma habari kwa mke wangu: fundi alete gari saa kumi na mbili asubuhi, likiwa baridi. Alisisitiza baridi.

Nililifikisha. Alikuwa getini tayari, viatu vya chini, funguo amezidai kabla ya kunijibu shikamoo. Aliniamuru nikae upande wa abiria. Kwanza alipima mwenyewe: akakanyaga, akaachia, ta. Akakanyaga, akaachia, ta. Mara ishirini, sikuhesabu mimi, alihesabu yeye, kwa sauti. Kisha akaliwasha, akavuta choki kiasi chake, akatoka getini bila kuigusa nguzo.

Anaendesha vizuri kuliko mimi. Gia zinaingia laini, kona anazikata bila haraka. Watu wawili walipunga mkono wakaita Mama Mwendo, naye akapiga honi. Nilianza kupumua.

Kwenye njia panda ya kwanza tukasimama. Barabara ilikuwa tupu kushoto na kulia. Kabla ya kuondoka aliinama, akatazama miguu yake. Aliitazama mmoja mmoja, ulipo, kisha akainua macho, akaondoka. Njia panda ya pili akatazama tena. Ya tatu pia. Tulipita sita, na zote sita aliinama. Sidhani anajua kwamba anafanya hivyo.

Tuliporudi alizima injini, akakaa na mikono kwenye usukani.

"Gari liko sawa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Umefanya kazi nzuri."

Nilimshukuru, maana ndivyo anavyojibiwa mkwe. Nikashuka kumfungulia mlango, na kabla ya kutoa mguu nje, aliutazama.